Fundi wa Nta wa Igoma

Kila mtu Igoma alimwita Fundi, na mimi niliyekaa naye chini ya paa moja kwa miaka saba sikuwahi kumwita vinginevyo. Mafundi walikuwa wengi kwenye barabara ile ya Musoma: wa baiskeli, wa redio, wa kuchomelea mageti. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule mama wa Kikerewe anayewatoa wanaume nywele za mwilini kwa nta. Wengine walishusha sauti walipomtaja, wengine walicheka. Yeye hakuona la kuchekesha wala la kuficha. Kwake ilikuwa kazi, kama kushona viatu.

Mimi nilikuwa msusi. Chumba cha mbele kilikuwa changu: kioo kirefu, viti viwili, na draya moja iliyonuka kuungua kila umeme uliporudi. Chumba cha nyuma kilikuwa chake: kitanda cha mbao kilichotandikwa mpira, jiko la mkaa, sufuria ya nta, na mlango wa uani ili mteja asiyetaka kuonekana apitie huko. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Ndiyo maana mengi ninayoyajua kuhusu Fundi niliyasikia kabla ya kuyaona.

Niliwasikia wanaume wazima wakiwaita mama zao. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, aliwahi kuchomoka mlango wa uani bila shati, akakimbilia kwenye lori lake huku nusu ya kifua ina nywele na nusu haina. Wasichana niliokuwa nawasuka walicheka mpaka wakatoa machozi. Fundi alitoka polepole, akasimama kando ya lori na kitambaa chake begani.

"Baba, rudi," alimwambia. "Ukienda hivyo mkeo atadhani umeungua."

Akarudi. Na mwezi uliofuata alikuja tena, safari hii akiwa na mwenzake.

Ufundi wenyewe aliupata mjini, kwenye nyumba ya familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa, alikofanya kazi ya uyaya kwa miaka mingi. Kina mama wa nyumba ile walichemsha sukari na limau, wakajipaka miguuni na mikononi, wakavuta. Kazi yake ilikuwa kukoroga sufuria. Kisha kijana wa nyumba akawa anaoa, na kifua na mgongo wake vilikuwa na nywele nyeusi, nene, ngumu, utadhani amevaa sweta. Aliona haya kwa bibi harusi. Sukari ilimshinda, ilishika ngozi, nywele zikabaki. Fundi akaomba apewe siku mbili. Akatafuta nta ya nyuki kwa wauza asali waliotoka Tabora, akaiyeyusha pamoja na utomvu wa msonobari, akajaribu kwenye mguu wake mwenyewe mpaka ukavimba, halafu ndipo akamwita bwana harusi.

"Nilimvuta kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri," alinisimulia. "Mama yake alikuwa nje ya mlango analia kumshinda yeye."

Miaka ya ruksa ilipofika na kila mtu akaona anaweza kufungua kibanda chake, Fundi aliaga nyumba ile akaja Igoma. Wahindi walimfuata kwa magari yao. Wakaja watunisha misuli waliokuwa wakinyanyua vyuma vya treni nyuma ya gereji, waliotaka vifua vyao ving'ae siku ya mashindano. Wakaja waimbaji wa bendi waliopenda kuacha vifungo vya shati wazi. Wakaja na watu wa kawaida kabisa, walimu, makarani, askari, ambao wembe uliwaotesha vipele visogoni na kifuani mpaka wakachoka kujikuna mbele za watu.

Nilimwangalia akifanya kazi mara chache, mteja aliporuhusu. Nywele ndefu alizipunguza kwanza kwa mkasi mpaka zibaki urefu wa punje ya mchele. Alipaka poda. Alijaribu joto la nta kwenye kifundo cha mkono wake, kama mama anavyojaribu uji wa mtoto. Aliipaka nene kufuata nywele zinakolala, akangoja igande kidogo, akaivuta ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaibandua nta kinyume, mara moja tu, bila kusitasita. Kabla mtu hajamaliza kupiga kelele, kiganja chake kilikuwa kimeshapagandamiza palipouma.

"Nywere ya mwanaume ina mzizi kama muhogo," alipenda kusema. Herufi ya "l" katika neno hilo ilimpiga chenga maisha yake yote. "Ukiivuta kwa woga inakatika, inaota ndani. Sasa nani atamponya?"

Akawapa masharti: usioge ziwani siku mbili, usivae shati la kubana, na siku ya tatu ujisugue kwa dodoki. Asiyefuata masharti alimgombeza kama mtoto. Nilimsikia akimfokea mfanyabiashara mwenye malori manane, naye mfanyabiashara anajibu tu, "Ndiyo mama. Ndiyo mama."

Alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Yeye aliyewaumiza watu kutwa alikuwa akiogopa sindano kupita kiasi. Alipougua malaria kali nilimshika mikono mimi, na bado alizimia kabla muuguzi hajamgusa. Alikwenda misa ya asubuhi kila siku, na bado matusi aliyomrushia mkaa uliogoma kuwaka yangemtoa padri mbio. Kina mama wa jumuiya yake walimwita wakamwambia kazi ya kuwashika wanaume waliovua nguo haimfai mjane Mkristo. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Daktari je?" akawauliza.

Hakurudi tena kwenye vikao vyao, ila Jumapili aliendelea kukaa kwenye benchi lile lile, la tatu kutoka mbele, nao wakamsogelea kutoa amani kwa ncha za vidole.

Alikuwa mwongeaji. Angeweza kunisimulia kisiwa kizima cha Ukerewe, nani aliiba ng'ombe wa nani, hadi nimalize kusuka kichwa kizima. Lakini kuhusu mtu aliyelala kwenye kitanda chake hakusema neno. Wake wa wateja walinijia mimi wakijifanya wanataka kusukwa, wakazunguka, wakazunguka, halafu wakauliza kama mume ana alama ya kucha mgongoni. Mimi sikujua. Fundi alijua, na aliwapa chai tu.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonitenga naye.

Miaka ile Ukimwi ulikuwa umeshazoa watu wengi upande wetu wa ziwa. Tulizika mno. Watu hawakutaja jina lake. Walisema mdudu, au walisema fulani amekanyaga waya. Dawa hazikuwepo. Fundi hakusoma zaidi ya darasa la nne, ila migongo aliisoma. Alikuwa ameona wateja kadhaa waliotokwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu upande mmoja na kuacha kovu jeusi kama mshipi. Akaona pia kwamba wengi wao, baada ya mwaka au miwili, walikonda, wakaacha kuja, na habari zao zikafika kwa njia ya tangazo la msiba. Hakujifanya daktari. Alipokuta kovu lile alifunika sufuria, akampa mtu shati lake, na nikasikia akimwambia kupitia ule ukuta wa mbao, "Leo hatufanyi. Ngozi yako imechoka." Kisha sauti ilishuka na sikusikia zaidi. Mteja aliondoka kwa mlango wa uani.

Kwa miaka mingi nilidhani ni maneno ya ngozi tu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Wazazi wetu walikuwa wametangulia, nami ndiye niliyemlea tangu ana miaka tisa. Alipomaliza kidato cha nne alikuja kunisaidia saluni, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Fundi alimpenda waziwazi. Alimwekea kiporo cha ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga asubuhi, na walipokuwa wawili walicheka mpaka nikawagongea ukuta.

Miongoni mwa wateja wa Fundi alikuwepo mnunuzi wa sangara. Alinunua samaki visiwani na kuwapeleka kwenye viwanda vya minofu. Alikuwa na pikapu nyeupe, mkono mwepesi wa kutoa soda kwa kila aliyemkuta saluni, na nywele nzito mgongoni zilizomtia aibu. Mimi nilimpenda mtu yule kwa niaba ya mdogo wangu. Nilimwona mpole, hanywi, hapigi kelele. Ni mimi niliyemwambia mdogo wangu, "Mwanaume ndiye huyu, acha kuangaliaangalia vijana wa kijiweni." Ni mimi niliyemwomba ampeleke mjini kwenye pikapu yake kuninunulia nyuzi za kusukia. Mdogo wangu aliporudi jioni ile alikuwa anatabasamu peke yake, nami nikajisifu moyoni.

Siku moja, mnunuzi yule akiwa chumba cha nyuma, nilimsikia Fundi akisema, "Leo hatufanyi. Ngozi yako imechoka." Nikamsikia mwanaume akicheka. Sikuwaza lolote. Miezi michache baadaye alileta posa, na kwa kuharakishwa na mdogo wangu tulifunga harusi kanisani mwezi uliofuata. Fundi alikuja amevaa kitenge kipya. Alipomkumbatia bibi harusi alimng'ang'ania muda mrefu mpaka mpiga picha akalalamika.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, mapema kuliko nilivyohesabu, na miaka miwili ya kwanza walikaa vizuri. Kisha mume akaanza kuumwa: homa, kuharisha, mwili kuisha. Alipofika hatua ya kutojiweza nilikwenda kumsaidia mdogo wangu kumwogesha. Tulimgeuza ubavu. Pale, kuanzia uti wa mgongo kuzunguka hadi mbavuni, palikuwa na mshipi mweusi wa kovu la zamani, mpana kama kiganja.

Nikakumbuka yale maneno niliyoyasikia ukutani. Maji yakanimwagika miguuni. Fundi alikuwa ameushika mgongo ule kwa miaka miwili kabla ya harusi, asingeweza kutoliona.

Sikumwambia mdogo wangu nilichokiona, wala yeye hakuniambia chochote. Mume alikufa wakati wa masika. Yeye alimfuata mwaka uliofuata, akiwa na miaka ishirini na minne, amekuwa mwepesi hivi kwamba nilimbeba mwenyewe kutoka kitandani. Siku zake za mwisho Fundi alikuja mara nyingi, na mimi nilitoka nje kila alipoingia, kwa sababu nilijua nikibaki nitasema. Niliwasikia wakinong'ona. Niliposogea, walinyamaza.

Siku ya msiba Fundi alikuja asubuhi, khanga kiunoni, amebeba sufuria kubwa ya kupikia. Wanawake walikuwa ndani wamekaa kwenye mikeka kuzunguka jeneza. Nilimzuia mlangoni.

"Usiingie."

"Mwanangu," alisema.

"Mimi si mwanao. Migongo unaijua kuliko rozari yako. Ulimwona yule mtu. Ulimwona, ukanyamaza, ukaja kucheza kwenye harusi!"

Watu wote walisikia. Fundi alifungua mdomo. Akatazama ndani, kwenye jeneza, akaufunga. Akaiweka sufuria chini taratibu, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na hakuna aliyemsindikiza.

Mwezi ule ule alihamisha vitu vyake. Na mimi nikamsema. Nilimsema saluni, sokoni, hata kanisani. Nilisema mama yule anajua nani mgonjwa na nani mzima, na anaweza kukuona unaangamia akaendelea kukoroga nta. Watu wakaongeza yao. Pakazuka uvumi kwamba nta yake ndiyo inayoambukiza, kwamba anaitumia kwa mmoja kisha kwa mwingine. Ulikuwa uongo, nilimwona kwa macho yangu akiitupa nta iliyotumika kwenye moto kila mara. Uvumi huo sikuuanzisha mimi. Lakini niliulizwa, tena zaidi ya mara moja, na nikanyanyua mabega. Wateja wakamkimbia, wakubwa kwa wadogo.

Ikapita miaka sita. Mtoto wa mdogo wangu alikua kwangu, mzima, Mungu alimwepusha. Sikujua Fundi yuko wapi wala sikutaka kujua.

Kisha niliitwa Mkolani kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Nilifika asubuhi, nikaanza kazi, na kichwa kilipofika nusu nilitoka uani kunyoosha mgongo. Nyumba ya jirani, upande wa pili wa wigo wa minyaa, alikuwa amekaa mama mzee kwenye mkeka anachambua dagaa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo. Nilimtazama muda mrefu kabla sijamtambua.

Ningeweza kurudi ndani. Sijui ni nini kilichonisukuma kuzunguka ule wigo.

"Shikamoo, Fundi."

Aliinua macho. "Marahaba," alisema, kisha akasogeza ungo ili nipate pa kukaa. Sikukaa.

"Umeugua?"

"Kiharusi. Mwaka jana. Mungu kachukua huu wa kuvutia, kaniachia wa kushikia." Akaendelea kuchambua. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anasoma."

Ndipo swali nililolibeba miaka sita likanitoka, na halikutoka kwa hasira kama nilivyolizoea; lilitoka kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Fundi, kwa nini hukumwambia mdogo wangu?"

Aliacha dagaa.

"Nilimwambia."

Nilidhani sikusikia.

"Nilimwambia mwanaume kwanza, siku ile ile nilipoliona kovu. Nikamwomba akapime damu. Alicheka, akasema ni injini ya boti ilimuunguza. Posa ilipoletwa nikamwita mdogo wako chumbani kwangu. Siku hiyo ulikwenda mjini kununua dawa za nywere. Nikamwambia yote niliyoyaona, nikamwambia asikubali." Alifuta mkono kwenye khanga. "Alikaa kwenye kile kitanda cha kazi. Akaniambia, 'Fundi, nimechelewa. Nina mimba ya miezi mitatu.'"

Nikashika kigogo cha wigo.

"Akaniapisha," aliendelea Fundi. "Akasema, 'Dada ndiye aliyenikutanisha naye. Alinitafutia mume mwema kwa moyo wake wote. Akijua, atajiua kwa mawazo kabla mimi sijaugua. Acha nimzalie mtoto huyu ndani ya ndoa, na dada asijue mpaka nitakapokuwa sipo.' Nikaapa."

"Lakini pale mlangoni... nilikutukana mbele ya watu wote. Ungesema!"

"Alikuwa ndani, hajazikwa. Ningeitoaje siri yake naye amelala pale?"

"Na baadaye? Miaka yote hii?"

Alinitazama, na sikuona chuki, ingawa ningependa kuiona, ingenirahisishia. "Baadaye hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unasema tu."

Nilisema nisamehe. Nililisema mara tatu, nne, nikiwa bado nimesimama. Nikamwambia kuhusu ule uvumi wa nta, kwamba nilijua ni uongo na nikanyanyua mabega. Alisema alikwishaambiwa. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumhimiza.

Kisha uso wake ukabadilika, ule upande mzima ukakunjamana, na akasema kwa shida, "Yule mtoto nilimpenda. Hukuniachia nimlilie."

Akaanza kulia kwa sauti. Ilikuwa ile sauti ya mlangoni mwa msiba, ile wanayotoa kina mama wa visiwani wanapokaribia nyumba ya mfiwa, akitaja jina la mdogo wangu, urefu wake, kicheko chake, furu aliowapenda. Nilikaa chini kwenye mkeka, juu ya dagaa, nikalia naye. Mimi mwenyewe sikuwa nimelia siku ile ya mazishi. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinishikilia.

Mama wa bibi harusi alikuja mbio kutoka upande wa pili, kitana changu mkononi, macho yamemtoka.

"Jamani, poleni! Nani kafariki?"

"Mdogo wangu," nikamwambia.

"Maskini! Lini?"

Fundi alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaendelea kulia. Yule mama alitutazama kidogo. Kisha akavua ndala zake, akazipanga pembeni ya mkeka, akakaa nasi.